Mbolea nafuu isiyodhuru samaki
Ndugu yangu, umeuliza kama mbolea ya bustanini inafaa kwenye tangi lako la samaki lenye mimea, maana zile za chupa zinakutoboa mfuko. Usiitie. Nyingi zina urea au amonia, na amonia huunguza matamvua ya samaki, hasa pH ya maji (kipimo cha uasidi) ikiwa juu, yaani maji yasiyo na asidi.

Tafuta chumvi kavu safi: nitrati ya potasiamu, au salfeti ya potasiamu. Chupa nyingi za dukani ni chumvi hizohizo zilizotiwa maji mengi! Gramu 1.6 za nitrati ya potasiamu kwenye lita 100 huongeza nitrati kama miligramu 10 kwa lita. Mimi huanza na nusu yake, kisha natazama majani wiki nzima. Majani ya zamani yakitoboka vitundu, mara nyingi ni potasiamu imepungua; machanga yakipauka na kuwa manjano, ongeza madini ya chuma.

Samaki ni wengi? Basi kinyesi chao kinakupa nitrati na fosfeti za bure, nunua salfeti ya potasiamu tu. Na ukifuga kamba au konokono humo, angalia kwanza kiasi cha shaba kwenye lebo ya mbolea, maana shaba huwadhuru.