Fundi Anajibu: Pasiwadi ya Windows ni Pazia

*Salaam, mzee fundi. Mimi ni mweka hazina wa SACCO yetu hapa Busia. Laptopu ya ofisi ni HP EliteBook iliyokwisha tumika, ina SSD ya GB 256 na Windows Pro. Ndani mna majina ya wanachama, nambari zao za vitambulisho vya taifa, picha za hati za viwanja walivyoweka dhamana, na nani anadaiwa kiasi gani. Mwezi uliopita mwenzangu wa SACCO jirani aliibiwa begi ndani ya taksi akielekea Kampala, laptopu ikaenda nalo. Yangu ina pasiwadi ya Windows. Kijana mmoja wa kompyuta ameniambia inatosha. Wa pili kasema niweke pasiwadi ya diski kule kwenye BIOS. Wa tatu kasema nisimbe diski nzima kwa BitLocker. Wa nne akacheka, eti kusimba kunaua SSD. Nimsikilize nani?* – Mweka hazina, Busia

Msikilize wa tatu. BitLocker ni chombo cha Windows chenyewe cha kusimba diski, yaani kugeuza kila kilichomo kiwe fujo isiyosomeka bila ufunguo. Huyo wa kwanza, ukija Kampala, njoo naye kibandani kwangu. Nina shughuli naye ya dakika nne.

Nitaipindua laptopu na kufungua skrubu za mfuniko wa chini. SSD yako, diski yenye data zako, huenda ni ile ya M.2, kijibao chembamba kama kipande cha biskuti ya watoto, upana milimita 22 na urefu 80, kimeshikwa na skrubu moja. Nitakichomoa, nikitie kwenye kasha la USB, nichomeke kwenye mashine yangu. Kitatokea kama flashi. Nitabonyeza folda yenye jina lako. Windows itaniambia sina ruhusa, na hapohapo itaniuliza kama nataka kuendelea. Nitabonyeza kuendelea. Baada ya sekunde chache wanachama wako wote wako mbele yangu, na mikopo yao. Pasiwadi yako haikuulizwa hata mara moja, kwa sababu yenyewe ni bawabu wa Windows yako, na Windows yako wakati huo imelala. Iliyo macho ni yangu.

Wa pili ana hoja, ila vijana huchanganya mambo mawili. Pasiwadi ya BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, humzuia mtu kuwasha mashine au kugusa mipangilio yake. Diski ikishatoka haina habari nayo. Pasiwadi ya diski ni nyingine: hiyo inakaa ndani ya diski, na ukiihamishia kwenye mashine nyingine bado itagoma. Kwenye HP nyingi za kiofisi inaitwa DriveLock. Wenye HP wanaonya, na onyo lao ni la kweli, kwamba ukipoteza pasiwadi zote mbili, ya mtumiaji na ile kuu, hiyo diski hata wao hawaifungui. Nimeletewa mbili za namna hiyo. Zote niliishia kuzining'iniza msumarini kama mapambo.

Kinachonifanya nisiitegemee peke yake ni jambo lililotoka Uholanzi Novemba 2018. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walipekua SSD kadhaa za Crucial na Samsung zinazojisimba zenyewe ndani kwa ndani. Walikuta katika baadhi yake pasiwadi ya mtumiaji haikufungamanishwa kabisa na ufunguo unaosimba data. Yaani diski inakuuliza pasiwadi kwa adabu tu. Aliyeweza kuichezea programu ya ndani ya diski aliingia bila pasiwadi. Kibaya zaidi, BitLocker ya wakati ule ikikuta diski inayodai kujisimba, iliiachia kazi yote na yenyewe ikakaa pembeni. Microsoft walikuja kubadili hilo Septemba 2019, na tangu hapo BitLocker inasimba yenyewe isipoamriwa vinginevyo.

Kwa hiyo ukimaliza, hakikisha. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `manage-bde -status`. Kwenye mstari wa njia ya usimbaji utakuta XTS-AES na namba 128 au 256. Ukikuta imeandikwa kwamba usimbaji ni wa hadwea, yaani diski ndiyo inayojisimba, zima, subiri isimbue yote, uanze upya.

Na huyo aliyecheka? Mpe hesabu. SSD kama Samsung 850 EVO ya GB 250 ilitoka kiwandani na dhamana ya kuandikwa TB 75 (TB moja ni GB 1,000). Kusimba diski nzima ni kuiandika mara moja, yaani sehemu moja kati ya 300 ya dhamana hiyo. Baada ya hapo kuandika kunaendelea kama kawaida, kwa kuwa faili iliyosimbwa haiongezeki ukubwa. Kasi nayo hutaihisi kwenye EliteBook. Prosesa za Intel zilianza kuwa na maagizo maalumu ya AES, njia ya kusimba anayotumia BitLocker, mwaka 2010, na yako ni ya baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya nje. Kama kuna toleo jipya la BIOS, lisakinishe sasa. Usingoje baadaye. Kisha bonyeza kitufe cha kulia juu ya diski C, uwashe BitLocker. Itakuuliza usimbe sehemu iliyotumika tu au diski nzima. Hiyo laptopu iliwahi kuwa ya mtu, nawe umeshaitumia. Chagua nzima, maana mafaili uliyoyafuta zamani bado yana mabaki yaliyolala huko.

Itakuuliza pia utunze wapi ufunguo wa kurejesha. Hapa naomba uweke kikombe chini unisikilize.

Ufunguo huo ni tarakimu 48, mafungu manane ya sita sita. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja mkuu aliniletea laptopu isiyochaji. Tundu la chaji lilikuwa limeng'oka na vijia vya madabodi, ubao mkuu wa mashine, vimeungua, ila kwa betri iliyobaki ilikuwa bado inawaka. Nikaona ya nini kuhangaika, nikambadilishia madabodi nzima. Ile ya zamani nikaiuza siku hiyohiyo kwa jamaa wa vipuri. Jioni naiwasha, kioo cha buluu: andika ufunguo wa kurejesha. Ufunguo wa BitLocker ulikuwa umekabidhiwa TPM, chipu ya usalama inayotunza funguo, na chipu hiyo ilikuwa kwenye madabodi niliyoiuza. Nikampigia mwalimu. Akaniuliza, "BitLocker ndiyo nini, fundi?" Aliyemuuzia mashine ndiye aliyeiwasha kwa akaunti yake mwenyewe, na namba ya mtu huyo haikuwa ikipatikana tena. Nikakimbia kuitafuta ile madabodi, maana ningeirudisha ingefungua. Nikaikuta juu ya meza ya jamaa, imeshang'olewa chipu kwa hewa ya moto.

Mtihani wa mihula miwili ulipotea, na picha za mazishi ya mama yake. Sikumtoza hela. Hadi leo laptopu ikiingia kibandani, swali langu la kwanza ni kama diski imesimbwa na ufunguo uko wapi. Baada ya hapo ndipo nauliza inaumwa nini.

Kwa hiyo tarakimu zako 48 ziandike kwa mkono, nakala mbili. Moja iende kwenye sefu ya SACCO, nyingine kwa mwenyekiti ndani ya bahasha iliyofungwa. Mtu mmoja asome kwa sauti na mwingine afuatishe kwa kidole. Usizibandike chini ya laptopu (nimeona!), wala usiende kuzichapisha kwenye kompyuta ya mtu Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala.

Bado kuna jambo. Ukiachia TPM peke yake, mashine inajifungua yenyewe hadi kwenye ukurasa wa kuingilia Windows, na ufunguo unakuwa tayari kwenye kumbukumbu. Mwizi wa taksi hataweza kitu. Mwenye ujuzi na vifaa anaweza kujaribu. Kwa data za watu, ongeza PIN inayoulizwa kabla Windows haijawaka. Windows Pro inaruhusu, ila lazima kwanza uiruhusu kwenye `gpedit.msc`, kihariri cha sera za Windows, sehemu ya BitLocker ya diski za mfumo. Na ukisafiri, usifunge tu mfuniko ukaondoka. Izime kabisa. Laptopu iliyosinzia bado imeshika ufunguo mkononi.

Wajumbe wa kamati wakikuuliza kwa nini unawasumbua na PIN, wakumbushe kwamba Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, na zikivuja atoe taarifa.

*Fundi, mimi nina Windows Home, sioni BitLocker. Na hapa kwetu umeme unakatika ovyo. Ukikatika katikati ya kusimba je?* – Muuza dawa, Arua

Tazama kwanza kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kama kuna usimbaji wa kifaa. Home ya mashine nyingi mpya inao, na ufunguo wake unakwenda kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia huko uuone kwa macho yako, kisha uuandike. Kama haupo, tumia VeraCrypt, programu ya kusimba iliyo ya bure. Akitokea mtu akakupa TrueCrypt kwenye flashi, mrudishie. Hiyo ni programu ya zamani, na walioitengeneza waliiacha tangu Mei 2014. VeraCrypt itakutengenezea pia flashi ya uokoaji. Hiyo usiifanyie kazi nyingine, hata kubebea nyimbo.

Umeme ukikatika, BitLocker huendelea pale ilipoachia. VeraCrypt nayo inaweza kuendelea, ila usiitegemee bila nakala ya mafaili yako nje. Hata hivyo anza betri ikiwa imejaa. Kama betri yako imekufa na unaishi kwa waya, badili betri kwanza.

*Nauza laptopu yangu. Nimefuta mafaili yote na kumwaga pipa la taka. Inatosha?* – Mwanafunzi, Mbale

Haitoshi. Kuandika juu ya faili mara saba kama tulivyofanya kwenye diski za zamani nako hakuna uhakika, kwa sababu SSD haiandiki pale ulipoiambia. Inatawanya maandishi ili vyumba vyake vichakae sawasawa, na vipande vya zamani vinabaki kona usiyoifikia. Kama ungeisimba tangu siku ya kwanza, ungefuta ufunguo tu na kilichobaki kingekuwa takataka. Kwa kuwa hukusimba, ingia kwenye BIOS utafute amri ya kufuta diski kwa usalama. Laptopu nyingi za kiofisi zinayo, na ndiyo inayoiamuru diski ijifute yenyewe, kona zote. Isipokuwepo, simba diski nzima sasa, kisha sakinisha Windows upya; si uhakika kamili, ila inapunguza sana mabaki.

Toka kwenye akaunti zako kabla hujaikabidhi, na upapase ubavuni. Wiki iliyopita nimenunua moja iliyofutwa vizuri kabisa, na ndani ya tundu la kadi ya kumbukumbu mna picha zote za harusi ya mwenyewe. Kadi ninayo, aje aichukue.