Jibu: chipsi za mafuta bandia na kupunguza kilo

Yaya, umeuliza kama chipsi za mafuta bandia zitakusaidia kupunguza kilo wakati kila siku unakula sambaza (samaki wadogo) za kukaanga na sombe (majani ya muhogo) ya mawese mingi. Mi naona hapana, tena zinaweza kukuongezea. Mafuta ya kweli gramu moja inatoa kalori 9, ile bandia inaitwa olestra haitoi kitu, inapita tu tumboni inatoka, njo maana watu waliipenda. Lakini mu 2011 watafiti wa chuo kikuu cha Purdue kule Marekani walionyesha kitu kwa panya, wale wa chakula cha mafuta mengi wenye walipewa siku zingine chipsi za kawaida na siku zingine za olestra walikula zaidi na wakanenepa kuliko wenye walipewa za kawaida peke yake! Wale wa chakula cha mafuta kidogo hawakupata shida hiyo. Watafiti wanafikiri mwili umezoea ladha ya mafuta ilete kalori, ukiudanganya hesabu ya shibe inaharibika. Sawa, ni panya, si watu, lakini Yaya usimalize franka zako juu ya chipsi. Punguza mawese mu sombe, na sambaza zetu za hapa Goma uzipike na nyanya tu.