Msosi wa Kireno London kwa asiyekula nguruwe

Dada uliyeuliza umpeleke wapi mzee bethdei yake London, anataka chakula cha Kireno na hali nguruwe, mi ningekwambia shuka Stockwell mtembee South Lambeth Road, pale Wareno wamejaa mpaka watu wanapaita Little Portugal. Ingia ile restoranti yenye wazee wanacheki mpira kwenye tivii na kikahawa mkononi, achana na za mishumaa.

Sasa mkikaa tu weita anaweza kuwashushia mkate, zeituni na vijibini hamjaagiza, usidhani ni ukarimu!! Mi siku ya kwanza nilifakamia vyote, bili ilivyokuja nikabaki nimekodoa macho. Hamtaki, mwambie arudishe, wala hanuni.

Nguruwe ndo mtihani, maana yupo mpaka usipomtegemea, hata caldo verde, ile supu ya viazi na sukuma, inakuja na vipande vya soseji, kwa hiyo uliza kwanza. Na kama ni mambo ya halali ulizia na kuku pia.

Mi ningemwagizia bacalhau à Brás, yaani ng'onda yao inachambuliwa halafu inavurugwa na mayai na viazi vyembamba kama njiti, ukionja utasema chipsi mayai imeolewa ulaya. Sahani zao ni mlima, ulizia meia dose, nusu hiyo, mgawane. Keki usinunue, mchukulie pastel de nata, vile vitati vyao vya kastadi, za moto mnyunyizie mdalasini, mshumaa utasimama tu.