Maswali ya Wasomaji: Fulana ya Mamba na Bei Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, natafuta fulana ya kola, ile iitwayo "fomu siksi", ya kuvaa kazini siku za Ijumaa. Ya Lacoste yenye nembo ya mamba nimetajiwa shilingi 280,000. Kariakoo ipo yenye mamba kama huyo kwa 25,000, na mtumba wake pale Karume ni 10,000. Mwenzangu ananiambia rahisi ni ghali, tena kwamba nguo ya bei kubwa walau imeshonwa na watu waliolipwa vizuri. Je, nalipia kitambaa au jina? Msomaji, Ilala.

JIBU: Ndugu msomaji, unalipia vyote viwili, ila si kwa kiasi sawa. René Lacoste, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa tenisi na ambaye lakabu yake ilikuwa Mamba, hakuyapenda mashati ya mikono mirefu yaliyovaliwa viwanjani enzi zake. Mwaka 1933 aliungana na André Gillier, mwenye kiwanda cha nguo za kufuma, wakaanza kuuza fulana ya mikono mifupi ya pamba, iliyofumwa kwa vishimo vidogo vya kupitisha hewa. Wakati ule mnunuzi alilipia ufumaji ambao ulikuwa mgeni machoni pa watu. Leo ufumaji huo unafanywa na viwanda visivyo na idadi, na kilichobaki kuwa mali ya Lacoste peke yake ni mamba, ambaye naye, kama ulivyojionea Kariakoo, huigwa bila haya.

Basi mwache mamba, uigeuze fulana ndani nje. Tazama kama mishono ya mabegani imeimarishwa kwa utepe, kama nyuzi zinaning'inia, na kama mshono wa ubavuni umenyooka au umeanza kuzunguka kuelekea tumboni. Vuta kola kidogo uone kama inarudi. Kwenye mtumba ukaguzi huu una faida ya pekee, kwa kuwa nguo hiyo imekwisha kufuliwa mara nyingi na mtu mwingine: kola iliyokubali kulegea imekwisha kulegea, na rangi iliyokubali kupauka imekwisha kupauka.

Hesabu nayo isaidie. Fulana ya 280,000 ukiivaa kila Ijumaa kwa miaka mitatu, kila uvaaji utakugharimu takriban shilingi 1,800. Ya 25,000 ikipoteza umbo baada ya miezi mitatu, kila uvaaji utakuwa umekugharimu zaidi ya 1,900, na hapo mwenzako ana haki ya kusema rahisi ni ghali. Lakini mtumba wa 10,000 ukidumu mwaka mmoja tu, kila Ijumaa imekugharimu chini ya shilingi 200, na methali yake haina pa kusimama. Mimi ningekwenda Karume, asubuhi, kabla wachaguzi wa kwanza hawajapita na zile nzuri.

Kuhusu ujira wa washonaji, bei ya dukani haithibitishi lolote. Jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, lilipoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, viwanda vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vimeshonea Primark, ambao hujulikana kwa bei ya chini, na vilevile Benetton, ambao bei yao ni ya juu zaidi. Anayetaka kujua washonaji wanalipwa nini hana budi kuiuliza kampuni yenyewe inashonea wapi na kwa masharti gani.

Utakayoinunua, yoyote iwayo, usiitundike ikiwa inachuruzika maji, kwa maana kitambaa cha kufuma huvutwa na uzito wake na kurefuka. Itandaze kivulini, ikiwa imegeuzwa ndani nje.