Mkono wa jimbo ulifungwa lini? Majibu ya maswali yenu

Tangu nilipogusia uhuru wa kusema nchini Marekani, barua zimekuwa zikimiminika, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: haki za Katiba yao zilianza lini kuyafunga majimbo, si serikali ya shirikisho tu? Nimechagua sita.

"Ulisema uhuru wa kusema umo katika Katiba yao tangu 1791. Mbona majimbo ya kusini yalipiga marufuku maandishi ya kupinga utumwa, na hakuna mahakama iliyoyazuia?" (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu Katiba haikuyakataza majimbo. Marekebisho ya Kwanza yanaanza kwa kulitaja Bunge la Marekani: ni hilo ndilo lisilotunga sheria ya kubana usemi au dini. Gavana na bunge la jimbo hawatajwi. James Madison, mbunge aliyeyapendekeza marekebisho hayo, aliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1789 alipendekeza kifungu cha kuyazuia majimbo yasiingilie dhamiri, magazeti wala haki ya kuhukumiwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida, katika kesi za jinai. Baraza la Wawakilishi likakipitisha, Seneti ikakitupa.

Aliyelipima jambo hili mahakamani alikuwa mwenye gati, John Barron wa Baltimore. Jiji lilipotengeneza barabara liligeuza mikondo ya maji, mchanga ukajaa mbele ya gati lake, na meli zikashindwa kutia nanga. Akadai fidia kwa kutegemea Marekebisho ya Tano, yanayokataza serikali kutwaa mali ya mtu bila fidia. Mwaka 1833 Jaji Mkuu John Marshall alimjibu kwamba marekebisho hayo yanaibana serikali ya shirikisho peke yake. Mwenye ugomvi na jimbo akaisome katiba ya jimbo lake. Mwaka huo huo wa 1833 ndipo Massachusetts ilipoacha kutoza watu kodi ya kuendeshea makanisa. Iliacha kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu.

"Kwa hiyo vita vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyomaliza tatizo?" (Msomaji, Mombasa)

Kwenye karatasi, ndiyo. Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yanaliambia jimbo waziwazi: usipunguze stahili na kinga za raia wa Marekani, usimnyang'anye mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa sheria, usimnyime mtu ulinzi sawa. Mwandishi mkuu wa maneno hayo, mbunge John Bingham wa Ohio, alitaka hasa Hati ya Haki, yaani yale marekebisho kumi ya kwanza, iyafikie majimbo, na chombo chake kilikuwa kile kipengele cha kwanza, cha stahili na kinga.

Mahakama ya Juu ikakiua kipengele hicho kikiwa kichanga. Mwaka 1873 wachinjaji wa New Orleans walilalamika kwamba jimbo la Louisiana limeipa kampuni moja ukiritimba wa machinjio. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema stahili zinazolindwa pale ni chache mno, kama vile kulindwa ukiwa bahari kuu. Kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya hukumu mbaya kabisa za mahakama ile, na waliolipia gharama hawakuwa wachinjaji. Siku ya Pasaka mwaka huo huo, huko Colfax, Louisiana, kundi la Wazungu wenye silaha liliua makumi ya watu weusi, wengi wao wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Wachache waliotiwa hatiani na mahakama ya shirikisho waliachiwa mwaka 1876. Mahakama ya Juu ilisema haki ya kukusanyika inalindwa dhidi ya Bunge tu, na Marekebisho ya 14 yanahusu matendo ya jimbo, si ya watu binafsi. Mlango ulipofungwa hivyo, ilibidi haki ziingilie dirishani: kile kipengele cha utaratibu wa sheria.

"Nani alikuwa wa kwanza kushinda?" (Msomaji, Bukoba)

Swali tamu, kwa sababu waliofungua njia walishindwa. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu iliamua malalamiko ya kampuni ya reli ambayo jiji la Chicago lilitwaa ardhi yake ili kupitisha barabara. Mahakama ikakubali kwamba jimbo nalo lazima lilipe fidia, kisha ikabariki fidia iliyokwisha kutolewa: dola 1. Mwaka 1925 Benjamin Gitlow, msoshalisti wa New York aliyefungwa kwa kuchapisha ilani, aliambiwa kwamba uhuru wa kusema unalibana jimbo pia, ila kifungo chake ni halali. Ushindi wa kweli ulikuja mwaka 1931, na mmojawapo wa washindi wa mwaka huo ulikuwa upande wa gazeti la Minnesota lililojaa chuki dhidi ya Wayahudi. Mtetezi wa haki si lazima awe mtu wa kualikwa chai.

"Kwa nini haki moja moja? Kwa nini wasizipitishe zote siku moja?" (Mwanafunzi wa sheria, Dodoma)

Jaji Hugo Black alilitaka hilo mwaka 1947, akakosa kura moja tu ya wingi. Wenzake walishikilia kipimo cha kuuliza kila mara: haki hii ni ya msingi kiasi kwamba uhuru hausimami bila yake? Kipimo hicho kilikuwa na gharama. Frank Palko wa Connecticut alihukumiwa maisha, jimbo likakata rufaa, akashtakiwa upya na kuhukumiwa kifo. Mwaka 1937 mahakama ikaona kinga ya kutoshtakiwa mara mbili si ya msingi, akauawa mwaka uliofuata. Mwaka 1969 mahakama ikageuza msimamo. Palko alikuwa kaburini miaka 31.

Kasi ilikuja miaka ya 1960. Clarence Gideon, maskini wa Florida aliyeshtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool, alinyimwa wakili, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Aliandika ombi lake gerezani kwa penseli. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye, kesi ikarudiwa akiwa na wakili, akaachiwa huru.

"Polisi wa jimbo wamechukua gari la mwanangu kwa kosa dogo. Ninyi wa katiba mnasemaje?" (Mama mmoja, Indianapolis)

Pole sana, mama. Mtafute wakili upesi, maana mimi si wakili wenu. Ila mwambie alitazame shauri la Tyson Timbs, lililotokea hapo hapo Indiana. Alikamatwa kwa kuuza heroini kidogo. Faini ya juu kabisa ilikuwa dola 10,000, lakini jimbo likataka gari lake la dola 42,000. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema marufuku ya faini za kupindukia inayafunga majimbo pia. Baadaye gari alirudishiwa.

"Je, kaunti zetu Kenya zilihitaji safari ndefu hivyo? Na huko kwao imekwisha?" (Msomaji, Kisumu)

Kaunti, hapana: ibara ya 20 ya Katiba ya 2010 inavifunga vyombo vyote vya dola, na watu wote, tangu siku ya kwanza. Kwao bado kidogo. Mwaka 2020 ndipo Louisiana na Oregon zilipokatazwa kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa bila kauli moja ya juri. Kuhusu juri kuu inayoidhinisha mashtaka, hukumu ya mwaka 1884 iliyoyaacha majimbo huru ingali inasimama. Na ile marufuku ya kulaza wanajeshi nyumbani kwa mtu bila ridhaa yake? Haijawahi kufika mbele ya majaji wale tisa kama kesi ya kuamuliwa.