Usianike Sahani Juani

Jumamosi nilikabidhi sahani 80 zenye maua ya samawati kwa mgahawa mmoja wa ufukweni hapa Dar es Salaam, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Nililia ndani ya bajaji wakati wa kurudi. Usiku huohuo dada mmoja akaniandikia: anataka kufinyanga sahani za kuuza, aanze na tanuri la aina gani?

Dada, kwanza nikusimulie. Miaka minne iliyopita nilichukua oda ya sahani 60 za harusi. Muda ulinibana, nikazianika juani kama dagaa. Ukingo wa sahani ni mwembamba, hukauka upesi kuliko kitako. Ukishajikaza huku katikati bado kuna maji, sahani hupinda au hupasuka. Nilipoteza 22 kabla hata ya moto. Zilizobaki nilizipaka glezi, ule mpako unaogeuka kama kioo motoni, na kuzichoma kwa nyuzi 1,220, kisha kwa hamu ya kuona rangi nikafungua tanuri likiwa bado la moto. Nikasikia ti, ti, ti. Ilikuwa glezi inachanika. Sauti ile naisikia hadi leo.

Mwenye shughuli alipokea zilizopona, akazigeuzageuza, akasema mbele ya watu kwamba hivi ni vyungu vya shamba, bora angenunua melamini. Hela nilimrudishia. Neno lile halikutoka. Nenda Kunduchi uyaone makaburi ya nguzo: wazee wa pwani hii walipachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo zile. Nenda Lamu uone zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilipopangwa sahani na bakuli ili mgeni azione akiingia. Kwetu sahani ni heshima ya nyumba, na mtu anayeidharau kwa sababu imetoka mikononi mwa jirani yake hajui kwao.

Basi ninyi mnaotaka jina lenu ligongwe nyuma ya sahani, subirini. Sahani mbichi ifunike nailoni, ikauke kivulini taratibu, na ukingo ukianza kushika igeuze kifudifudi juu ya ubao. Tanuri lisifunguliwe mpaka uweze kuligusa. Pima pia: udongo wangu husinyaa asilimia 12 hivi, kwa hiyo sahani ya sentimita 27 naifinyanga ikiwa karibu 31. Na glezi yenye madini ya risasi isikaribie chombo cha chakula, maana ndimu na siki huitoa risasi ikaingia tumboni mwa mtu. Hapo sina msamaha na mfinyanzi yeyote.

Tanuri ulilouliza, dada yangu, ni la baadaye; mimi mwenyewe nilichoma kwenye tanuri la kukodi kwa miaka miwili. Wiki hii finyanga sahani kumi za ukubwa mmoja. Zifunike, uzigeuze, usizisogeze juani hata jirani akikucheka. Zikikauka bila kupinda, niandikie tena tuzungumze moto.