Maswali ya Wasomaji: Jengo la Kuba, Bamba la Marumaru

SWALI: Mhariri, salamu. Hapa Iringa kuna jengo la mawe lenye kuba, limefungwa miaka mingi. Wazee wengine wanasema ni msikiti wa zamani, wengine hekalu la Masingasinga, na vijana wanadai chini ya sakafu kuna dhahabu. Mlangoni pana bamba lenye maandishi yaliyofifia. Nitajuaje ukweli?
Msomaji, Iringa

JIBU: Kuba isikudanganye, dini zote mbili huijenga. Ingia ndani utafute mihrabu, kile kishubaka cha ukutani kinachoelekea Makka; kwa Iringa ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, haina. Nje yake tafuta kitako cha saruji chenye tundu katikati: hapo husimikwa mlingoti wa Nishan Sahib, bendera ya Masingasinga, uliovishwa kitambaa cha rangi ya chungwa au buluu. Jiko kubwa kupita mahitaji ya familia nalo ni dalili, maana gurudwara hulisha kila ajaye, bure.

Shahidi mkuu ni bamba. Usilisugue kwa msasa wala limau. Tindikali hula marumaru, na herufi ikishalika basi. Unga wa ngano, ambao watu hupaka ili maandishi yaonekane, huzaa ukungu. Osha kwa maji matupu na sifongo laini, acha likauke. Rudi giza likiingia, shika tochi ubavuni mwa bamba ili mwanga uteleze juu yake, kisha piga picha. Vivuli vitazitoa herufi.

Kwenye mwaka ndipo wengi huteleza. Tarakimu 1 ya Kigurmukhi, mwandiko wa Kipunjabi, inafanana na 9 yetu, na 4 yao inakaribia 8. Mwaka ukiwa wa Bikrami, kalenda ya kale ya Kihindi, toa 57: 1990 ni 1933. Mwezi ukiwa Magh au Phagun, toa 56. Ukiwa na tarakimu tatu tu, huenda ni wa Nanakshahi, kalenda ya Masingasinga, jumlisha 1468.

Dhahabu? Kitu cha thamani kuliko vyote humo ni kitabu kitakatifu cha Masingasinga, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1430. Waumini wakihama huondoka nacho, kikichakaa hukichoma kwa heshima. Hao vijana watavuna kifusi, na sakafu watakuwa wameiharibu.

SWALI: Nimesikia kuwa mwili wa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, uligeuka maua. Ni hekalu gani hilo?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ni Kartarpur, Pakistani, alikofariki mwaka 1539. Masimulizi yanasema Wahindu walitaka kumchoma, Waislamu kumzika. Shuka ilipofunuliwa yakakutwa maua, wakagawana. Ndiyo maana pale pana kaburi na pia mnara wa ukumbusho wa Kihindu. Baada ya India na Pakistani kugawanywa mwaka 1947 hekalu lilitelekezwa, na Masingasinga wa India wakawa wanalitazama kwa darubini kutoka ng'ambo ya mpaka, kilomita 4 hivi. Njia maalumu ilifunguliwa tarehe 9 Novemba 2019, lakini ilikusudiwa mahujaji wanaotoka upande wa India. Mtanzania huomba viza ya Pakistani na kupitia Lahore.